Baiskeli isiyokwenda popote

Najua nimekuwa kimya tangu bumu lilipotoka, na wengine mmeshaanza kutangaza kwamba nimedisko. Sijadisko jamani! Nipo, mwaka wa tatu, Takwimu, hapa hapa Mlimani, chumba kile kile cha watu wanne tunacholala sita (si mnajua tena mambo ya kubebana). Kilichonipoteza ni baiskeli. Na kwa kuwa kila nikipita Yombo kuna mtu ananiuliza, "Dada, hivi ile kelele ya jioni chumbani kwenu ni mashine ya kusaga?", leo nitawajibu wote kwa pamoja. Si mashine ya kusaga. Ni mimi, naendesha baiskeli ndani.

Kwa wageni wa hapa: Novemba 2024, alfajiri, nikiwa mazoezini barabara ya Sam Nujoma, gari lilinigonga kwa nyuma likaondoka zake. Mfupa wa muundi wa mguu wa kushoto ukavunjika, nikawekewa chuma ndani. Sitaki kuirudia hadithi hiyo, niliimaliza mwaka jana. Kilichobaki ni mguu uliotoka kwenye plasta na magongo ukiwa mwembamba kama wa mtu mwingine kabisa, na mama yangu kule Tanga ambaye kila akipiga simu alikuwa na neno moja: uza hiyo baiskeli. Na huyo ni mama ambaye mwenyewe amekua anaendesha, maana Tanga bila baiskeli si Tanga.

Tukafika mwafaka, mimi, mama na mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayenitibu. Sirudi barabarani mpaka mguu wa kushoto ufikie asilimia 90 ya nguvu za ule wa kulia. Hiyo 90 haikutoka hewani, ni kipimo ambacho wataalamu wengi wa viungo hukitumia kabla ya kumruhusu mtu aliyeumia mguu arudi michezoni. Na mama akaweka mpaka wake: mwisho wa semesta hii ukifika sijaifikia 90, baiskeli inauzwa, hela inakwenda kwenye ada ya mdogo wangu. Nikakubali. Sikuwa na hoja ya kumshinda, kwa kweli.

Sasa shida ikawa hivi: nitajuaje niko asilimia ngapi? Kwenda kupimwa ni nauli, ni hela ya kumwona mtaalamu, na ni mara moja kwa mwezi. Kati ya mwezi na mwezi nilikuwa gizani. Na mimi ni mtu wa Takwimu, gizani sikai.

Ukiuliza mtandaoni utaambiwa ununue stendi ya kisasa inayopima nguvu yenyewe. Ni mamia ya dola. Au kipimo cha nguvu kinachofungwa kwenye mikono ya pedali, kile kinachopima jinsi chuma kinavyojipinda ukikanyaga. Ulrich Schoberer wa Ujerumani alianzisha kampuni yake ya SRM mwaka 1986 kwa ajili ya vitu hivyo, na hadi leo ni ghali. Halafu programu. Zwift, ile ambayo unaendesha chumbani huku kikatuni chako kinapanda milima kwenye skrini, tangu 2024 ni dola 19.99 kwa mwezi. Karibu shilingi 50,000. Bumu la chakula na malazi ni 10,000 kwa siku, kwa hiyo hiyo ni siku tano za kula. Hapana, asante. (MyWhoosh inafanana nayo na ni ya bure, lakini kwa bando langu la mwanafunzi hata bure ina bei yake.)

Nilichofanya mimi ni hiki. Stendi niliipata kwenye mitumba kwa shilingi 120,000, ya kijani, Kurt Kinetic. Muuzaji alidhani ni jeki ya gari. Sikumrekebisha! Unaibana ekseli ya gurudumu la nyuma, tairi linakandamiza rola, rola inazungusha feni ndogo iliyofungiwa ndani ya kimiminika. Ukizidisha kasi, kimiminika kinakataa zaidi. Uzuri wake ni kwamba kinakataa kwa kanuni ile ile kila siku, na watengenezaji waliitoa kanuni hiyo hadharani. Kwa kilomita, inakuwa hivi: chukua kasi uizidishe kwa 3.26, kisha chukua kasi hiyo kwa kipeo cha tatu uizidishe kwa 0.0046, jumlisha. Jibu ni wati. Kasi ya 20 ni kama wati 102. Kasi ya 30 ni 222. Kasi ya 40 ni 425. Mnaona ilivyo katili? Kasi mara mbili, nguvu zaidi ya mara nne.

Kwa hiyo ukiwa na stendi ya namna hiyo huhitaji kipimo cha nguvu. Unahitaji kujua kasi ya gurudumu tu. Na kujua kasi ya gurudumu ni jambo la bei ya chini sana.

Ninatumia kihisi kidogo kinachofungwa kwa mpira kwenye habu ya nyuma, shilingi 45,000. Fundi wangu wa baiskeli anakiita "sensa", na kila akisema "dada, sensa yako imelegea" mimi namwona karani wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022 amening'inia kwenye gurudumu, hehehe. Hakijui kasi, masikini. Kinahesabu mizunguko tu, halafu kinairusha kwa redio, na programu ndiyo inazidisha kwa urefu wa mzunguko mmoja wa tairi. Hapa msitumie namba ya kwenye jedwali kama mnaweza kupima wenyewe. Piga alama ya chaki kwenye tairi na sakafuni, kaa juu ya baiskeli ili tairi libonyee, sogea mzunguko mmoja, pima kwa futi ya fundi cherehani. Langu ni milimita 2,105, sawa kabisa na jedwali la tairi la 700 kwa 25, lakini nililala usingizi mzuri zaidi baada ya kulipima.

Wapo wanaofanya kwa bei ndogo zaidi. Jamaa mmoja wa CoET amefunga sumaku ya spika mbovu kwenye spoku, akaweka swichi ya sumaku na kibodi cha Arduino, inahesabu vizuri tu. Na zile saa za baiskeli za waya za zamani nazo zinafaa, mradi uhamishie kihisi chake gurudumu la nyuma, maana kwenye stendi la mbele halizunguki. Ila hazihifadhi kumbukumbu, itabidi uandike kwenye daftari.

Mkanda wa kifuani wa kupima mapigo ya moyo ni 60,000. Kichomeko cha USB cha kupokea mawimbi ya ANT+ ni 30,000, maana laptopu yangu ni mzee hata Bluetooth yake inakohoa. Jumla na stendi, 255,000. Bumu la siku ishirini na tano na nusu. Nimekula sana maharage, sifichi.

Programu ni GoldenCheetah. Ya bure, msimbo wake uko wazi, inakwenda kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaishusha haihitaji intaneti kabisa. Unaichagulia aina ya stendi, yenyewe inageuza kasi kuwa wati, inachora mapigo ya moyo, inahifadhi kila kipindi. Sura yake si ya kuvutia. Imejaa grafu kama ripoti ya benki. Mimi naipenda kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni, hapa ndipo penye kazi. Wati zangu ni makadirio, si vipimo vya maabara. Inawezekana 100 yangu ni 95 au 106 ya kweli. Kwa swali langu haidhuru, kwa sababu naulinganisha mguu wangu na mguu wangu. Kinachodhuru ni mazingira kubadilika kati ya Jumamosi moja na nyingine. Tairi likipungua upepo, namba zinabadilika. Rola ikikazwa zaidi, zinabadilika. Kimiminika kikiwa hakijapata joto, zinabadilika. Kwa hiyo kila Jumamosi: upepo ule ule kwa pampu yenye kipimo, kitasa cha rola mizunguko ile ile, dakika 15 za kupasha, halafu nafika kasi 32, naacha kukanyaga, nahesabu sekunde mpaka gurudumu lisimame. Sekunde zikitofautiana na za wiki iliyopita, narekebisha kitasa kabla ya kupima chochote. Wenye stendi za sumaku za bei poa wawe makini zaidi, zile zinabadilika ukali zikipata moto katikati ya zoezi.

Na feni. Jamani, Dar! Kwa wati zile zile, feni ikiwaka moyo wangu unakaa 142 kwa dakika arobaini. Umeme ukikatika, moyo unapanda hadi 158 na miguu haijaongeza hata chembe. Mwili unapeleka damu kwenye ngozi kupoza joto. Anayepima maendeleo kwa mapigo ya moyo pekee katika mji huu atajiona mgonjwa kila Februari. Siku isiyo na umeme naendesha, lakini siiandiki.

Kihisi kimoja hakiwezi kutenganisha mguu wa kushoto na wa kulia, hilo lilinisumbua wiki nzima. Vipimo vinavyotenganisha ni vya bei ya kulia machozi. Jibu lilikuwa kuendesha kwa mguu mmoja. Mguu mwingine naupumzisha kwenye ndoo iliyogeuzwa, mguu wa kazi naufunga kwenye pedali kwa kipande cha tyubu ili niweze kuvuta juu pamoja na kusukuma chini. Mbele natumia sproketi ya meno 39, mizunguko 60 kwa dakika, dakika mbili. Natafuta gia nzito kuliko zote ambayo mguu unaweza kuishikilia bila kuvunja mzunguko. Wala sihitaji kihisi cha pili cha kuhesabu pedali: gia nikiijua, kasi kwenye skrini inaniambia mizunguko. Sproketi ya nyuma ya meno 16 kwa mizunguko 60 lazima isomeke 18.5. Ikisomeka 17.9, nimelegea.

Mguu wa kulia unashika meno 15, sawa na wati 99. Wa kushoto, Juni 2025 nilipoanza, ulishika 21. Wati 59. Asilimia 59, na baada ya hapo nilikaa chini ya ukuta nikalia, roommate wangu akadhani nimepata supu. Septemba nikashika 19, asilimia 68. Ilikuwa wiki ile ya mashindano ya dunia Kigali, ya barabarani, mara ya kwanza kufanyika Afrika. Tulijazana kwenye simu moja kumtazama Magdeleine Vallieres wa Kanada akishinda mbio za wanawake kwenye vile vilima, na mimi mguu uko juu ya ndoo. Wote waliokuwa pale walinyamaza wakaniangalia mimi badala ya simu. Mh!

Na kwa wale wanaosema baiskeli ya ndani si baiskeli: bingwa wa kwanza wa dunia wa wanawake wa mbio za mtandaoni za UCI, Desemba 2020, alikuwa Ashleigh Moolman-Pasio wa Afrika Kusini. Alishinda bila kutoka ndani. Mimi lakini sitaki kubaki ndani. Nataka upepo wa Changanyikeni.

Jumamosi iliyopita nimeshika meno 17. Wati 81, asilimia 81. Mtaalamu naye alinipima kwa njia zake wiki hiyo hiyo, kuruka kwa mguu mmoja na kusukuma uzito, akapata 83, kwa hiyo ndoo yangu na tyubu yangu havikudanganya sana. Nikampigia mama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mguu?"

"Themanini na moja."

Akanyamaza kidogo. "Hiyo kwenu ni B au A?"

"Kwetu kuanzia sabini ni A, mama."

"Kwenye mguu mimi sitaki A. Nataka tisini."

Halafu akauliza kama kofia ngumu niliyokuwa nayo siku ile nimeshaitupa, maana ilipasuka. Nimeitupa. Akauliza ninunue nyingine ni shilingi ngapi. Sikutegemea swali hilo kutoka kwake, na sikumwonyesha kwamba nimefurahi, nikamtajia bei tu. Hajasema atatuma. Pia hajasema tena niuze. Najua anachokiogopa si mguu, ni lile gari, na kwa gari sina kihisi. Nimemwahidi taa mbili za nyuma, na kwamba alfajiri yenye giza sitoki tena.

Kati ya 17 na 16 ni jino moja tu. Meno 16 ni wati 89, ambayo kwa hesabu kali ni asilimia 89.7, na nimeshamuuliza mtaalamu kama atanibania hiyo nukta tatu. Alicheka. Semesta imebakiza wiki sita.

Haya, roommate anadai feni yake, na Jumatatu nina test ya Regression ambayo sijafungua hata desa moja. Atakayeona kofia ngumu ya saizi ya kati kwenye mitumba aniambie.