Profesa Ali Mazrui: kijana ambaye Makerere ilimkataa

Marehemu Profesa Ali Al-Amin Mazrui hutajwa sana kwa vitabu vyake, kwa mihadhara yake na kwa ujasiri wake wa kuwaambia wakubwa yale wasiyopenda kuyasikia. Katika ukurasa huu wa familia sisi tunapenda kumkumbuka kwa jambo lililotangulia hayo yote. Huyu mwalimu wa vyuo vikuu kwa takriban nusu karne alikuwa, katika ujana wake, mtoto aliyekataliwa na chuo.

Alizaliwa Mombasa tarehe 24 Februari 1933, katika nyumba ya ilimu. Baba yake, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, naye ndiye aliyeanzisha magazeti ya Sahifa na Al-Islah ili kuwazindua Waislamu wa pwani. Mtoto wa baba kama huyo alitazamiwa kwenda Al-Azhar na kurudi na kilemba. Lakini Sheikh Al-Amin alifariki mwaka 1947, mwanawe akiwa na umri wa miaka 14. Miaka miwili baadaye kijana akafanya mtihani wa Cambridge, na matokeo yake yakawa hafifu. Makerere, ambacho ndicho kilichokuwa chuo pekee cha elimu ya juu Afrika Mashariki, kikamfungia mlango.

Yatima huyo akapata kazi ya ukarani katika Taasisi ya Elimu ya Kiislamu ya Mombasa, ambayo leo ni Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa. Yangeweza kuishia hapo. Lakini mwenyewe alisimulia kwamba siku ya Maulidi alipewa nafasi ya kuzungumza juu ya Mtume (S.A.W.), na miongoni mwa wageni alikuwepo Gavana Sir Philip Mitchell. Hotuba ile ndiyo iliyofungua njia ya ufadhili wa kwenda Uingereza. Huko alianza kwa kukamilisha masomo ya sekondari Huddersfield, akaendelea na Chuo Kikuu cha Manchester, kisha Columbia, New York, na hatimaye akapata shahada ya uzamivu Oxford.

Tunamwomba msomaji atue hapa kidogo. Waliomruhusu karani kusimama mbele ya wageni watukufu hawakuwa wakimtafuta profesa. Walimwona kijana anayejua kusema, wakampa nafasi aseme. Hawakumtaka kwanza alete cheti.

Mwaka 1963 alirejea Afrika Mashariki, na chuo kilichomkataa kikampokea akiwa mhadhiri. Haukupita muda mrefu akawa profesa, kisha mkuu wa idara ya sayansi ya siasa na mkuu wa kitivo. Ufundishaji wake ulikuwa wa mjadala. Hakuwaficha wanafunzi mawazo yaliyopingana na yake. Walter Rodney, mwanahistoria kutoka Guyana aliyekuwa akifundisha Dar es Salaam, alikwenda Makerere wakakabiliana kwa hoja mbele ya hadhira. Huyu alishika msimamo wa Kimarx, yule akaupinga, na vijana waliokuwepo wakashuhudia kwamba inawezekana kutofautiana bila kuvunjiana heshima. Hilo ni somo ambalo hata katika misikiti yetu bado tunalihitaji.

Utawala wa Idi Amin ulimwondoa Uganda mwaka 1973. Akafundisha Michigan, kisha Binghamton katika jimbo la New York, alikoanzisha taasisi ya utafiti wa tamaduni za dunia. Mwaka 1986 mfululizo wake wa televisheni wenye sehemu tisa uliieleza Afrika kuwa na urithi wa aina tatu: asili yake, Uislamu na Umagharibi. Mtu wa Mombasa hakuhitaji kuambiwa hilo mara mbili, kwani aliliona kila siku mtaani kwake. Na pamoja na shughuli zote hizo, kila mwaka aliandika waraka mrefu kwa jamaa na marafiki, akiwapa habari za nyumba yake na kazi yake. Umbali haukumkatia udugu.

Mwaka huu, matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, ukoo wetu ulikaa kikao baada ya sala ya Isha kumjadili kijana wetu mmoja. Hukumu ilitoka kabla kahawa haijamiminwa: shule si yake, atafutiwe gereji. Ufundi ni kazi ya halali na yenye heshima. Kilichotuuma ni kwamba ulitajwa kama adhabu, naye kijana amekaa pale pale, macho chini, wala hakuna aliyemuuliza anapenda nini. Tulipowasimulia wazee habari za karani wa Mombasa, mzee mmoja akasema, "Huyo alikuwa mtoto wa Kadhi." Ni kweli, na hatudai kwamba kila mwenye alama hafifu atakuwa Mazrui. Lakini ukadhi wa baba haukumfungulia mlango wa Makerere. Kilichomfaa ni kwamba watu waliomzunguka hawakuichukulia karatasi ile kuwa ndiyo mwisho wa habari yake.

Mwaka 2003 karani yule aliteuliwa kuwa Mkuu wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta. Oktoba 2014 alifariki Marekani akiwa na umri wa miaka 81, na kwa mujibu wa wasia wake akarudishwa kuzikwa Mombasa, katika makaburi ya ukoo wake karibu na Fort Jesus. Ilimu yenye kunufaisha haikatiki thawabu zake kwa kufa mwenye nayo, na wanafunzi wake wametawanyika duniani. Allah amrehemu.

Basi ndugu zetu wasimamizi wa madrasa na misikiti, Maulidi au hafla ijayo msiwajaze mimbarini wazee na wageni rasmi peke yao. Mtafuteni kijana mmoja ambaye matokeo yake hayakuwa mazuri. Mpeni wiki mbili za kujitayarisha, mpeni dakika kumi za kuzungumza, na wazazi wake waketi mstari wa mbele.