Kipepeo wa Box Hill

Agosti ile shangazi alinipeleka Box Hill, kusini ya London, eti tukatazame vipepeo. Nikajisemea, Ulaya imemharibu huyu! Kilima chenyewe nyasi fupi, udongo mweupe kama chaki ya mwalimu.

Mara akanishika mkono. "Tulia." Kipepeo wa buluu, mdogo kuliko kidole. Akanieleza kuwa kiwavi wake hulindwa na sisimizi, naye huwalipa kwa majimaji matamu yatokayo mwilini.

"Ndivyo nilivyoishi hapa, mwanangu. Watu baki walinihifadhi, nami nikawafulia."

Nyumbani tulidhani anaogelea kwenye pesa. Barua zangu zote kwake zilikuwa za kuomba. Usiku ule niliandika moja ya kushukuru. Kumpa, nikaona haya.