Nilidanganya Watu Kuhusu Swichi ya Ombwe

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo nimekuja kurekebisha kitu.

Wiki tatu zilizopita niliweka video ya sekunde 40. Nilisema hivi: cheche ya stima inahitaji hewa, kwa hivyo ukitoa hewa yote ndani ya swichi, hakuna cheche, mchezo umeisha. Video ikapaa. Nikajiona profesa, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya karo.

Halafu kijana mmoja akaniandikia inboksi. Yuko kwa atachimenti, kiwanda fulani kinachopokea stima ya kilovolti 11. Akaniuliza, kama mambo ni rahisi hivyo, si hata ile isoleta iliyo kando ya swichi anaweza kuivuta mashine zikiwa bado zinafanya kazi? Nusura nimtumie kidole gumba. Sijui nini kilinizuia. Nikampigia mjomba wangu, ndugu ya mama, aliyeshughulika na swichi za aina hiyo miaka mingi kabla astaafu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba."

Nikamweleza. Akanyamaza, kisha akauliza, "Huyo mtoto wa watu umeshamjibu?"

"Bado."

"Mwambie sasa hivi asiguse. Halafu wewe njoo nyumbani."

Nilimwandikia kijana hapo hapo. Nikaenda.

Mjomba akatoa kwa stoo chupa ya seramiki, kubwa kama chupa ndogo ya chai, imekatwa katikati. Ndio moyo wa swichi ya ombwe. Ndani kuna sahani mbili za metali zinazotazamana. Moja inakaa palepale, nyingine inasogea milimita chache tu kufungua njia ya stima. Akanionyesha uso wa sahani: una vidoti vingi vilivyoyeyuka, na upande mmoja umeungua vibaya.

"Umesema ndani hakuna moto. Hii imeungua na nini?"

Sikuwa na jibu.

Basi sikilizeni. Sahani zinapoanza kuachana, zile ncha za mwisho zinazogusana zinabeba mkondo wote. Zinapata joto kali, zinayeyuka, zinakuwa mvuke. Mkondo unapita ndani ya huo mvuke. Kwa hivyo arki ipo, tena inawaka vizuri sana. Haili hewa. Inakula metali ya swichi yenyewe.

Mkondo ukiwa wa kawaida, arki hiyo ni mpole. Inajigawa kuwa vidoti vidogo vya mwanga kwenye sahani ya upande hasi. Kama ni shaba, kila kidoti kinabeba kama ampea 100 hivi, na vyote vinakimbia huku na kule kama siafu. Hakuna mahali panapochomwa muda mrefu.

Shida inakuja nyaya zikigusana, mkondo ukafika maelfu ya ampea. Ukipita kama ampea 10,000 hivi kwenye sahani za kawaida, arki inaacha kutawanyika. Inajikusanya kuwa nguzo moja, na sahani ya upande chanya nayo inaanza kuyeyuka mahali pamoja. Metali ikichemka hivyo, mvuke unabaki mwingi hata wakati ambao arki ilifaa kuzimika. Hapo swichi inashindwa.

Wahandisi walifanya nini? Walichonga mikato kwenye sahani, ili mkondo ukipita uzunguke na kutengeneza sumaku yake wenyewe. Kuna mkato unaofanya nguzo ya arki ikimbie duara, isikae mahali pamoja. Kuna mwingine unaofanya arki ibaki imetawanyika hata mkondo ukiwa mkubwa. Yaani mkondo mbaya ndio unaotumika kujituliza. Na sahani zenyewe si shaba tupu, ni mchanganyiko wa shaba na kromiamu.

Halafu inasubiri. Stima yetu ni hezi 50, kwa hivyo mkondo unapita sifuri mara 100 kila sekunde. Ukifika sifuri, mvuke unaganda kwenye kuta za ndani kwa muda mfupi ajabu, sehemu ndogo sana ya sekunde. Kwa kuwa hakuna hewa, hakuna kinachobaki cha kubeba mkondo. Hapo ndipo ombwe linafanya kazi yake. Halizuii arki isizaliwe, linainyima nafasi ya kufufuka.

Wazo hili si la jana. Sorensen na Mendenhall walichapisha majaribio yao Marekani mwaka 1926, lakini ilichukua miongo kadhaa kabla swichi hizi zienee.

Sasa ile isoleta. Yenyewe iko kwa hewa ya kawaida, haina chupa, haina kitu cha kuzima arki. Kazi yake ni kutenganisha njia ambayo swichi imeshakata. Ukiivuta na mzigo, arki inanyooka hewani na kuwaka usoni pako. Kijana angefanya hivyo kwa sababu ya sekunde 40 zangu.

Video nimeitoa. Mpya iko, ina dakika sita, na kusema ukweli haitazamwi sana. Sawa tu.

Wengine mtasema, si tulikuambia mtu aliyeacha chuo asiongee uhandisi? Hapo nakataa. Karo ilininyima cheti, haikuninyima simu ya kumpigia mjomba. Ningempigia kabla ya kurekodi, si baada.

Kijana alinijibu jioni hiyo: "Sijagusa. Nimemuuliza fundi wetu, akanikaripia kwanza, kisha akanionyesha."

Hiyo komenti moja naichukua kuliko zile zingine zote.