Maji ya Mabogini si ya kuchezea

Kusini mwa mji wa Moshi, Mlima Kilimanjaro ukionekana kwa nyuma, kuna mabwawa ya Mabogini. Hapa ndipo majitaka yanayosafiri kwa mabomba kutoka mjini huishia. Husafishwa taratibu, bwawa hadi bwawa, kwa siku kadhaa. Katika bwawa la kwanza tope huzama na bakteria hula uchafu. Katika yanayofuata mwani hutoa oksijeni, jua huua vijidudu, na mayai mengi ya minyoo hutuama chini.

Yakitoka hapo, maji hayo humwagilia mashamba ya mpunga. Mkulima hupata maji na rutuba kwa pamoja.

Kwa mtoto, hata hivyo, mfereji ni mahali pa kuogelea. Maji yanayofaa shamba si lazima yafae kunywa wala kuoga. Vijidudu vya kuhara na mayai ya minyoo vinaweza kubaki. Mzazi anayelima huko avae buti, anawe kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na mboga za kando ya mfereji azipike ziive. Wali uliopikwa hauna shida. Wa kuangaliwa ni mtoto anayepita mferejini akitoka shule.