Tuzo na Mlango

Nyumba husifiwa na watu wa namna mbili: wanaoitazama na wanaokaa ndani yake. Sifa ya wa kwanza ni rahisi, maana jicho hushiba upesi. Sifa ya wa pili ni ghali, kwa kuwa hutolewa na mwili baada ya jua na mvua. Tuzo ya ujenzi yenye haki ni ile isikilizayo hao wa pili.

Tuzo ya Aga Khan ya usanifu wa majengo, iliyoanzishwa mwaka 1977, ina kanuni ya busara: jengo halishindanishwi kabla halijatumiwa mwaka mzima, na wakaguzi hupelekwa kulitazama mahali lilipo. Mwaka 2004 ilipewa shule ya msingi ya Gando, kijiji cha Burkina Faso, iliyokamilika mwaka 2001. Msanifu wake, Francis Kéré, ni mzaliwa wa kijiji hicho, na wanakijiji walishiriki kuijenga. Kuta ni za matofali ya udongo uliotiwa saruji kidogo. Paa la bati limeinuliwa juu ya dari. Upepo hupita kati, ukachukua joto ambalo lingewaelemea watoto. Udongo uliodharauliwa kuwa alama ya umaskini ukapata heshima yake. Mwaka 2022 Kéré alikuwa Mwafrika wa kwanza kupewa Tuzo ya Pritzker.

Walakini ubaridi wa ndani haumfai aliyezuiwa mlangoni. Vidato vitatu ni kitu kidogo kwa mwenye miguu mizima. Kwa mwenye kiti cha magurudumu ni ukuta. Mwaka 2010 Tume ya Ulaya ilianzisha tuzo ya miji iwarahisishiayo njia wazee na watu wenye ulemavu. Mshindi wa kwanza, kwa mwaka 2011, ulikuwa Ávila, mji wa Hispania uliozungukwa na ngome ya kale. Ngome ile ilijengwa kuzuia watu. Leo sehemu yake hufikiwa kwa kiti cha magurudumu. Ikiwa ngome imefunguka, shule na zahanati zina udhuru gani?

Fadhila hizi mbili ni pacha. Nyumba iokoayo kuni na umeme, ikamwacha mzee nje, ina uchoyo. Nyumba ipokeayo wote, ikawachoma kwa joto, ina nusu ya ukarimu. Nishani hutundikwa mara moja. Mlango hufunguliwa kila siku, na kila aingiaye, kwa raha au kwa taabu, hutoa hukumu upya.