Beni: nyoka wa kwenye simu na nyoka wa shambani

Leo sileti habari ya mkutano wala ya barabara iliyofungwa. Naleta habari ya nyumbani kwangu, nayo ni ya nyoka.

Tangu mwaka jana tunaishi na familia moja iliyokimbia kutoka upande wa Mbau. Ni mama na watoto wanne. Majina yao nayaficha, na sababu mnaijua. Tunapika chungu kimoja, sombe ikipatikana tunakula sombe, isipopatikana tunakula maharage, na usiku wanalala sebuleni juu ya mikeka. Ndivyo nyumba nyingi za Beni zilivyo tangu mauaji yalipoanza mwaka 2014.

Mtoto wa pili ana miaka 11. Anayo simu kuukuu aliyoachiwa na marehemu baba yake. Kioo kimepasuka, haina laini, haimpigii mtu. Lakini ndani yake kuna mchezo wa Pokémon, ule wa zamani kabisa uliotoka Japani mwaka 1996. Hauli mega hata moja. Unataka umeme tu, na jirani mwenye paneli ya jua anamchajia bure kwa sababu mtoto anamfagilia uwanja kila asubuhi.

Nakiri kwamba mimi niliona ule mchezo ni kupoteza wakati. Siku moja jioni akaniita: “Papa, njoo uone, nyoka wangu amejifunza kuuma.”

Nikakaa naye. Akanieleza kwamba katika mchezo huo unakamata wanyama wa ajabu, unawafundisha, na wanapanda ngazi. Wake ni nyoka wa rangi ya zambarau, mwenye sumu. Kwa Kifaransa anaitwa Abo, yaani herufi za boa zimechanganywa. Akifika ngazi ya 22 anageuka kuwa nyoka mkubwa mwenye kifua kipana, jina lake Arbok. Mtoto akaliandika mchangani kwa kidole, akaniambia nilisome kutoka nyuma. Nikasoma: kobra. Tukacheka sote wawili. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akicheka.

Nyoka huyo anaanza na mbinu mbili. Ya kwanza inaitwa Ligotage, yaani kufunga, kama mtu anavyofunga mzigo wa kuni. Ya pili ni kumtolea adui macho ili alegee. Kwenye ngazi ya 10 anapata mwiba wa sumu, na kwenye ngazi ya 17 anajifunza kuuma. Akishakuwa Arbok, ngazi ya 27 inamletea jicho linalomfanya adui apooze, ngazi ya 36 kelele ya kukwaruza, na ngazi ya 47 tindikali.

Lakini kuna sheria moja ngumu. Kila mnyama anabeba mbinu nne tu. Ukitaka ajifunze ya tano, mchezo unasimama na kukuuliza: asahau ipi?

Siku ile nyoka wake alipotaka kujifunza lile jicho, mtoto alinyamaza kwa muda mrefu, simu mkononi. Kisha akafuta Ligotage. Nikamwuliza kwa nini. Akanijibu: “Kufunga hakusaidii kitu, papa. Kunapoteza nafasi tu.”

Neno hilo lilinikosesha usingizi. Niwaambieni kwa nini.

Nilipokuwa na miaka 19, baba yangu mdogo aliumwa na nyoka katika shamba la kakao. Alikuwa anakusanya makopa ya kakao chini ya miti, akaweka mkono kando ya lundo la majani makavu, na mguu karibu yake. Nyoka alikuwa amelala hapo, wa rangi ya majani yenyewe. Alikuwa kifutu wa msituni, yule anayeitwa kifutu wa Gabon. Nyoka huyo hakimbii. Anatulia mahali pamoja kwa saa nyingi akingoja windo, na meno yake ya sumu yanaweza kufika urefu wa sentimita 5, marefu kuliko ya nyoka mwingine yeyote duniani.

Sisi vijana tulijua la kufanya, au tulidhani tunajua. Tulikata ukanda wa mpira wa baisikeli, tukaufunga juu ya kidonda. Mimi ndiye niliyevuta. Nilivuta kwa nguvu zangu zote, kwa upendo, huku nikilia. Mtu mwingine akachanja kwa wembe, akaweka jiwe jeusi. Tulikaa na mpira ule mguuni tangu asubuhi mpaka usiku. Baba mdogo hakufa. Lakini mguu ulikuwa mweusi, na ulikatwa chini ya goti. Hakunilaumu hata siku moja. Mimi najua kwamba sumu ilikuwa na sehemu yake, na mkono wangu nao ulikuwa na sehemu yake.

Baadaye, kwa kazi yangu ya uandishi, niliwauliza wauguzi na madaktari. Wakanieleza. Sumu ya kifutu inaharibu nyama pale ilipoingia. Ukiifungia hapo kwa kamba ya kubana, huku umezuia na damu, nyama inakufa kwa sababu mbili badala ya moja. Kuchanja kunafungua damu ambayo huenda isigande tena. Na jiwe jeusi, ambalo mara nyingi ni kipande cha mfupa wa ng'ombe uliochomwa, halinyonyi sumu. Linaonekana kuponya kwa sababu nyoka wengine wanauma bila kumwaga sumu, na wengine hawana sumu kabisa. Mtu anapona, jiwe linasifiwa.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Wiki chache zilizopita mama wa mtoto huyu alikwenda kutafuta kuni nje kidogo ya mji. Jua lilikuwa linazama. Akainua gogo, akahisi kitu kimemchoma juu ya kifundo cha mguu. Alimwona nyoka mkiani tu, akiingia majani. Wenzake wakamshika mkono wakamtembeza mpaka kwetu, karibu nusu saa ya njia.

Alipoingia uwanjani watu walijaa. Mzee mmoja tayari alikuwa na ukanda wa mpira mkononi. Mwingine akasema atembee haraka kwenda kituo cha afya, si mbali. Ndipo mtoto akapaza sauti kuliko watu wazima wote: “Mama asitembee! Mwenye sumu hapaswi kutembea!”

Watu walimshangaa. Mimi nilielewa alikolitoa. Katika mchezo ule, mnyama akishapata sumu, kila hatua nne unazotembea naye anapoteza pointi moja ya uhai. Mtoto amewapoteza wanyama wengi njiani kwa namna hiyo, hatua nne, hatua nne, mpaka wakaanguka kabla ya kufika mjini. Mchezo ni mchezo, lakini hapo ulisema kweli: msuli ukifanya kazi, unaisukuma sumu isambae mwilini upesi zaidi.

Mzee akanikaribia na ule mpira. Nilimwambia kwa heshima: “Hapana, mzee wangu. Samahani. Leo hatufungi.” Alikasirika. Alisema mimi nimesoma sana na huyu mama atakufa mikononi mwangu. Niwaambie ukweli, nilitetemeka. Ningekosea, familia ile ingebaki bila baba na bila mama.

Tulimlaza chini. Tulimvua bangili na viatu, maana uvimbe ukija pete na bangili zinakata. Tukaunyoosha mguu kando ya fimbo mbili, tukauzungushia kitenge bila kubana, kama mtu aliyevunjika mfupa. Hatukumpa pombe wala dawa ya majani anywe. Motari akaja, mama akakaa katikati, mimi nyuma nikimshikilia. Hakuna aliyebaki kumtafuta nyoka ili kumuua. Ukimfuata gizani unapata wagonjwa wawili.

Kituoni muuguzi alitoa damu kidogo, akaiweka kwenye chupa ndogo safi ya kioo, akaiacha imetulia dakika 20. Halafu akaiinamisha. Damu ikigeuka bonge, ni habari njema. Ikimwagika kama maji, sumu imeingia katika damu. Dakika hizo 20 zilikuwa ndefu kuliko usiku mzima. Mtoto alikuwa amefika kwa miguu, amesimama mlangoni, simu mfukoni. Muuguzi akainamisha chupa. Damu haikumwagika.

Walimlaza mpaka kesho yake, wakapima tena mara kadhaa, wakimtazama na macho, maana sumu ya kobra inaangusha kope kwanza, kisha inafika kwenye pumzi. Mguu ulivimba kidogo, ukatulia. Akarudi nyumbani. Sisemi kwamba sisi ndio tuliomponya. Huenda nyoka hakumwaga sumu. Lakini ana miguu miwili.

Siku aliporudi, mtoto aliniuliza swali ambalo nawapa na ninyi. Katika mchezo, dawa ya sumu inauzwa 100 dukani, na hata mtoto anaimudu. “Na huku, papa, ni bei gani?”

Nilimjibu kwamba dawa ya kweli ipo, inatengenezwa kutokana na damu ya farasi waliozoeshwa sumu kidogo kidogo, na ni ghali, na vituo vingi havina. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa ilikuwa ikitengeneza moja iliyofaa kwa nyoka wa Afrika wa aina 10, jina lake Fav-Afrique. Iliacha kuitengeneza mwaka 2014, na dozi za mwisho zilipitwa na muda mwezi wa Juni 2016. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka nyoka wanaua watu kati ya 81,000 na 138,000 duniani. Mwaka 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka kwenye orodha ya magonjwa yaliyosahaulika, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Waliosahaulika ni akina nani? Ni mtu wa shamba la kakao, mtu wa kuni, na mtu anayelala chini.

Kwa hiyo ndugu zangu, hasa ninyi mnaolala mikekani, pokeeni haya. Nyoka anafuata panya, na panya anafuata chakula: fungeni unga na maharage kwenye ndoo yenye kifuniko. Kuni zikae mbali na mlango. Chandarua mlichopewa kwa ajili ya mbu, kichomekeni chini ya mkeka pande zote. Kinazuia na nyoka pia. Usiku mtu akitoka kwenda chooni, awashe taa na apige kijiti chini. Shambani, geuzeni majani kwa fimbo kabla ya kuingiza mkono. Nyoka akitema sumu machoni, osheni kwa maji mengi safi, muda mrefu, bila kusugua, kisha nendeni kituoni.

Na akiuma: tulieni, vueni vya kubana, mguu au mkono usitikisike, mgonjwa asitembee ikiwa kuna namna ya kumbeba, na njia iwe moja tu, ya kituo cha afya. Mkikuta mtu ameshafungwa kamba, msiifungue ghafla njiani. Mpelekeni hivyo haraka, waganga wataifungua wenyewe taratibu.

Yule mzee wa mpira alikuja kumsalimu mama siku ya tatu. Hakusema neno kuhusu siku ile, nami sikusema. Alileta ndizi. Alipoondoka aliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli kamba inaua nyama. Nilimpeleka kwa baba mdogo wakaongea wawili, mimi nikabaki nje.

Mama amerudi kutafuta kuni. Nilimwomba apumzike bado; akanijibu kwamba chungu hakipumziki. Anavaa buti za mpira ambazo jirani alimpa, zinampita ukubwa, amejaza vitambaa mbele. Anashika fimbo ndefu na anarudi jua likiwa bado juu. Mtoto anamngoja barabarani na simu yake.

Mwenye buti za mpira ambazo havai tena, atazame sebuleni kwake au kwa jirani, kuna mguu unaozihitaji. Mbakie salama.

Mwandishi wenu, Beni.