"Subiri" ya Mama Mkubwa

Leo naandika habari za kichwa cha mama mkubwa wangu. Ameniruhusu mwenyewe. Kasema, "Andika, labda kuna mwingine anafichwa nyumbani."

Yalianza polepole. Pete ya ndoa aliyotoka nayo Bukavu ilikataa kuvuka kidole, mpaka fundi akaikata. Viatu vya 39 vikawa 42. Taya likatanuka, meno yakaachana, sauti ikawa nzito. Hapa Nakivale watu wakaanza maneno: karogwa huyo. Siku ya uhakiki akatolewa kwenye mstari kwa sababu sura haikufanana na picha yake ya zamani. Mpaka mashine iliposoma macho yake ndipo wakamkubali. Jamani, mtu unaulizwa kama wewe ni wewe!

Kumbe ni tezi. Chini ya ubongo, nyuma ya pua, kuna tezi ndogo kama punje ya njegere, inaitwa pituitari. Uvimbe ukiota pale, mara nyingi si saratani, lakini unaweza kumwaga homoni ya ukuaji kupita kiasi. Mtu mzima harefuki tena, kwa hiyo vinakua viganja, nyayo na uso. Uvimbe ukiwa mkubwa unakandamiza mishipa ya kuonea, na mtu anaacha kuona vya pembeni.

Uvimbe huo kwa kawaida hutolewa kupitia puani. Tulipofika Kampala tulijua shida inaisha. Daktari akatazama picha za kichwa, akasema: subiri. Mshipa mkubwa wa damu unaopita kando ya tezi ulikuwa umetuna sehemu moja. Wao wanaita anyurizimu. Akaagiza picha nyingine, ya mishipa peke yake.

Mama mkubwa akanigeukia: "Wanatukataa kwa sababu ni wakimbizi?"

Swali lake si la ajabu. Sisi tumesikia "subiri" nyingi ambazo maana yake ni hapana. Na mkalimani nilikuwa mimi. Nikamwambia, "Mama, tairi la baiskeli likichakaa, si mpira wa ndani unatuna nje kama kinundu? Baiskeli inatembea bado. Lakini fundi akipitisha chuma hapo karibu bila kujua kinundu kiko wapi, je?" Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi wapige hiyo picha."

Magonjwa haya mawili hukutana kichwa kimoja, na tafiti kadhaa zimeyaona zaidi kwa wenye homoni ya ukuaji iliyozidi. Mshipa ukichanika wakati wa upasuaji, damu ni ngumu kuizuia. Kwa hiyo mpango wetu sasa ni mshipa kwanza, tezi baadaye. Bado tunangoja, ila tunajua tunangoja nini.

Ndugu zetu wa mashirika: karatasi ya rufaa ya kwanza iliandikwa neno moja tu, "uvimbe". Andikeni yote mawili, na mtu wa kutafsiri awepo kabla daktari hajaanza kusema.

Vijana wenzangu: kichwa kikipasuka ghafla kwa maumivu ambayo mtu hajawahi kuyapata, akatapika, shingo ikakakamaa au kope moja ikaanguka, msingoje Jumatatu. Tafuteni pikipiki usiku huohuo.